Mwalimu Odessa Tillery na Chumba cha Nyuma ya Jiko

Mchungaji, majirani na nyote mliokuja kumsindikiza mama yetu, mimi ni Roscoe, mwanawe wa kwanza, nimetumwa na familia niwasomee maisha yake, nami nitayasoma kwa furaha, maana yeye mwenyewe hakupenda nyuso zilizonuna.

Mama Odessa alizaliwa tarehe 9 Machi 1931 hapa Harlan Bend, Misisipi, kwa Mzee Ezra na Bi Luvenia Gaines, waliolima pamba katika shamba la mtu mwingine, akaanza shule amechelewa, akahitimu ualimu mwaka 1955, na mwaka huohuo akafunga ndoa na baba yetu, marehemu Clovis Tillery, seremala, wakajaliwa kutupata mimi, Maxine na Thurman.

Mwaka 1966, serikali ilipotoa fedha za kuwainua watoto wa maskini waliobaki nyuma kimasomo, Mama alipewa chumba nyuma ya jiko la shule, watoto wa darasa la tatu wasiojua kusoma, na rundo la kadi za herufi za kukaririsha. Kadi akazifungia kabatini, akawatuma watoto wakaulize visa vya bibi zao, wakirudi wanasimulia, yeye anaandika maneno yao vilevile walivyoyatamka, nao wanayasoma.

Mwalimu mkuu, Bwana Pruitt, alikasirika. “Bi Tillery, hawa ni wazito, wape herufi kwanza, hadithi baadaye!”

“Kwani mwanao ulimfundisha kuongea kwa kumpa irabu kwanza?” Mama akamjibu.

Akaitwa mkaguzi aje alifunge darasa. Alifika tarehe 14 Aprili 1967, na aliyesimama kusoma alikuwa Verlene Sykes, mtoto ambaye tangu Septemba hakuwa amefungua kinywa darasani, akasoma jinsi bibi yake, Bi Ozella, mpishi wa shule, alivyovua kambare mkubwa, mara sauti ikatoka kwenye dirisha la jikoni:

“We Verlene! Mbona umeruka nilipotumbukia mtoni?”

“Sijaruka, Bibi, ni ukurasa unaofuata, hebu tulia!”

Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani, lakini akashuku kwamba mtoto amekariri, akampa gazeti lake mwenyewe, Verlene akalisoma, akakwama kwenye neno moja, akarudi nyuma, akajisahihisha, akaendelea. Darasa halikufungwa, na Septemba iliyofuata Bwana Pruitt alimleta mwanawe mwenyewe.

Mama alifundisha chumbani humo mpaka alipostaafu mwaka 1993, akamwachia Verlene, anayefundisha humo mpaka leo.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2009, na tarehe 3 Juni 2011 asubuhi aliaga dunia nyumbani, Maxine amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mlioleta kuku na mikate mpaka meza ikajaa, na walimu wenzake, hasa Bwana Pruitt, ambaye ana miaka tisini na mitatu na amekataa kukaa kwenye kiti cha magurudumu ili alibebe jeneza.

Lala salama, Mama, tunakusindikiza tukicheka.