Kurasa za Tania Hazitelezi

Kwenye kona ile ya Kolwezi, pale malori ya madini yanapopunguza mwendo kabla ya kushika njia ya Fungurume, pana benchi lililotengenezwa kwa kipande cha mkanda wa mgodini kilichopigiliwa juu ya mbao. Mkanda huo ulibeba mawe miaka mingi. Siku hizi unabeba makalio ya watu wasio na haraka. Mama Mianda huuza hapo kahawa na mikate ya kukaanga, na anayekaa bila kununua hutazamwa mpaka anunue. Upande huu wa barabara kuna kibanda cha buluu cha Godefroid, anayewaandikia watu maneno yao kwenye kompyuta na kuwatolea karatasi. Kijiweni wanamwita Tata Marge, kwa jinsi anavyojisifu kwamba pembezoni mwa karatasi zake, zile marge, hapajawahi kupinda. Ng'ambo ya barabara, tangu mvua za mwaka jana zilipoanza, kuna kibanda cha Tania, naye anafanya kazi hiyo hiyo. Asubuhi hiyo cha Tania kilikuwa wazi na watu wamejipanga nje. Cha Godefroid kilikuwa na kufuli, na mwenyewe alikuwa benchini na kikombe chake, macho yote ng'ambo.

— Mwingine ule anaingia, akasema Godefroid. Si ni mama wa ku pharmacie? Alikuwaka client wangu.

— Alikuwaka, akaitikia Kazadi.

Kazadi alistaafu baada ya kupima uzito wa malori maisha yake yote, ndiyo maana kijiweni anaitwa Balance. Sasa hupima mambo ya watu kwa methali, na mizani yake haijawahi kukaguliwa.

— Godé, fungua mulango yako, akasema Mama Mianda. Batu baone uko.

— Apana, mama, Kazadi akamkatiza. Bakubwa banasemaka: bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Maana yake, mwenzako akipata bahati, we funga mulango. Godé iko anafanya muzuri.

Mama Mianda akakoroga kahawa yake. Alikwisha kujifunza kutobishana na methali za mtu aliyestaafu.

Tuseme ukweli tu: Godefroid alikuwa na wivu, tena ule wa kukosesha mtu usingizi. Wateja peke yao angewameza na kahawa wakashuka. Kilichokwama kooni ni Laurentine, mkewe. Laurentine anaimba kwenye kwaya ya parokia, na kwaya hiyo ilikuwa inatengeneza kitabu cha nyimbo kwa ajili ya jubilei ya Jumapili. Kila mwaka kazi za kwaya zilikuja kwenye kibanda cha buluu bila hata kuulizana. Safari hii wakampa Tania, na Laurentine hakupinga. Nyumbani, mezani, jina la Tania lilikuwa linakula nao. Godefroid alijua kitabu hicho kikitoka kizuri, hakuna kanisa wala matanga yatakayompigia hodi tena, na mbaya zaidi, atabaki mume wa mwanamke aliyeona kazi nzuri kwa mtu mwingine.

Akaja Dady Shimo, kijana anayechimba upande wa mgodi wa Mashamba, vumbi mpaka masikioni. Alikaa akiwa ameinama kidogo, mkono mmoja umekumbatia tumbo.

— Shimo, unaficha nini mu chemise? akauliza Godefroid.

— Bintu ya kooperative, vieux. Haina maana.

— Lete.

Dady akatazama chini, akatoa karatasi. Bado zilikuwa na joto la mashine, au la tumbo lake. Godefroid akazipokea. Juu ya kila ukurasa, tarehe. Katikati, jina la kooperative yao ya wachimbaji. Kulia, namba ya ukurasa. Chini yake maandishi yamesimama safu mbili, mistari sawasawa kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Akazichambua kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Hakupata jiwe, na hilo lilimuuma.

— Anafanyaka namna gani? akauliza Kazadi.

— Yee haina Word, tata. Haina souris, ile panya ya mukono. Écran yake iko nyeusi, mule ndani paka maandishi tu. Anaandika p, anaandika r, ile njo amri ya kupanga pages. Kisha kamustari kadogo, na mbili. Ile mbili njo inagawanya mafasi mara mbili. Kisha anaandika jina ya kooperative, anasema hii itakaa ku kichwa ya kila page. Anafinya entrée. Imprimante inaanza kulia sawa mashini ya kushona.

— Paka ile ligne moya?

— Paka ile. Na sikia hii. Nikamwambia: mama, nilisahau article moya, ilikuwa ikae ku page ya kwanza. Mi nilijua tunalala pale. Akaitia, akarudilia ligne yake, byote bikasogea byenyewe. Numéro zikabakia ku mafasi yake.

Godefroid akarudisha karatasi. Yeye namba za kurasa alizitia kwa mkono. Alibonyeza entrée, akabonyeza, akabonyeza, mpaka maandishi yakaangukia ukurasa mpya, kisha akaandika namba kwa kidole chake. Ilipendeza, mradi mtu asiongeze kitu. Kwenye Pasaka iliyopita kiongozi wa kwaya alileta ubeti mmoja wa nyongeza dakika za mwisho. Godefroid akauingiza mwanzoni, akachapa bila kutazama, na kila kitu kikateleza kuelekea chini. Namba kumi na nne, quatorze kwa Kifaransa, ikaacha ukurasa wake, ikaenda kukaa katikati ya wimbo wa komunyo. Na kwaya ile ni watu wa nidhamu, huimba kilichoandikwa. Waliimba: Bwana wangu, quatorze, unihurumie. Laurentine naye aliimba, sauti ya pili, na waumini wakaitikia quatorze mara mbili kwa sababu kiitikio kilirudiwa.

Tangu siku ile Godefroid hajawahi kuitaja namba hiyo. Hata Dady, asiye na staha na mtu, akazirudisha karatasi kwenye shati bila kuitaja.

— P na r, akasema Kazadi, akiweka kidole hewani. Ile ni prière, ni maombi. Anaanza na prière, njo mashini inamusikia.

— Prière ya ku nani? akauliza Mama Mianda.

— Mi sisemi ya ku nani. Nasema écran nyeusi. Mutu mwenye kulomba muzuri analombaka mu nyeusi?

— Batu bote banafungaka macho wakati ya kulomba, tata.

— Mama, haraka haraka haina baraka. Tia kahawa.

— Mi naona ni kobalti, akasema Dady. Siye tunaitosha mu bulongo, banaipeleka mbali, banaitia mu bamashini. Ile yake itakuwa na kobalti ya hapa hapa, ya Mashamba. Inasikia harufu ya kwao, inachangamuka. Ya vieux Godé itakuwa ya ugenini.

— Haya, unaona, akasema Kazadi. Mwacha mila ni mtumwa. Kobalti imerudia kwao.

Walicheka, lakini Godefroid hakucheka. Alikuwa amekaa na jambo lake siku nyingi, kalipika usiku kucha pembeni ya mke aliyelala fofofo, na sasa aliona limeiva. Akaweka kikombe magotini.

— Mwe munacheka. Mi nitabaambia. Mbele ule mwanamuke afike hapa, pages zangu zilikuwa zinateleza?

— Hatukusikia, akasema Kazadi kwa adabu.

— Hazikutelezaka. Anafika, zinaanza. Juu ya nini? Angalieni ule poteau ya umeme. Courant yake na yangu inatoka palepale. Câble moya inaenda kwake, moya inakuya kwangu. Mi nikipanga pages muzuri, yee anazivuta mu câble. Zile zilizopangwa zinaenda kwake. Mi naachiwa zenye kuteleza. Ile namba ya Pasaka haikuwa yangu. Ilikuwa yake, ilivuka barabara.

Hata Kazadi alilazimika kuipima hiyo mara mbili.

— Njo bulozi ya courant, akasema hatimaye, na akalipenda neno lake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake, uangalie câble inapita wapi.

Lakini Godefroid, aliposikia nguoni, aliona khanga ya Laurentine.

— Hata bibi yangu, akasema, na sauti ikashuka. Kila mangaribi iko kule. Anasema banahakikia nyimbo. Anarudia anacheka peke yake mu njia. Mbele alikuwaka anakuya kukaa kwangu, anasoma maneno, mi naandika. Hajakuya tangu Pasaka.

— Labda unamufukuza na ile uso, akasema Mama Mianda.

— Mama, tia kahawa, akasema Kazadi.

Godefroid akasimama nusu, akakaa. Alisikia raha ya ajabu, raha ya mtu aliyepata wa kumlaumu. Alisema leo hii ataenda kwa chef de quartier, mkuu wa mtaa. Atadai câble ya Tania ikatwe mbele ya watu, na kitabu cha kwaya kisimamishwe mpaka mambo yajulikane. Kazadi akasema yeye atakuwa shahidi, maana damu nzito kuliko maji. Hakuna aliyeelewa damu ilihusika wapi. Dady naye akasema atakuja, ingawa karatasi zilikuwa zinamkwaruza tumbo.

— Kunyweni basi, tuende, akasema Godefroid.

Hapo ndipo pikipiki ilipomshusha msichana mmoja mwenye bahasha kubwa kifuani. Alitazama kibanda cha buluu, akatazama kufuli, akaja benchini.

— Jambo, batata. Jambo, mama. Mi naitwa Abigaël, niko wa chorale, nilikuya Kolwezi sasa hivi, sijue batu bote. Ile kiosque ya bleu njo ya Tata Godefroid?

— Njo yake, akasema Kazadi, polepole.

— Banamutafuta kwa couverture, ile jalada ya livre. Mama Tania amemaliza pages byote, ziko muzuri. Lakini anasema ile njia yake inajua paka maandishi na numéro. Foto, rangi, kupamba, haibiwezi. Anasema mutu wa couverture hapa ni Tata Godefroid, tusiende kwa mwingine. Na Mama Laurentine, bibi yake, akasimama mbele ya chorale yote, akasema ile njo kazi ya bwana wangu, hakuna mwenye kumupita. Tukamupigia makofi.

Kazadi na Dady wakamgeukia Godefroid. Mama Mianda naye akaacha kijiko.

Furaha ilimpanda mpaka machozi yakakaribia. Laurentine amesimama mbele ya watu. Laurentine amesema bwana wangu. Alitia mkono mfukoni, funguo zilikuwepo, alikuwa anyanyuke tu. Kisha akaona mdomo wa Dady unaanza kucheza, na Kazadi ametazama juu kule kwenye poteau. Akakumbuka maneno yake, bado yalikuwa yanaelea hapo benchini kama moshi wa mkate. Akisimama sasa, atakuwa amekula chakula kilichopikwa na mwanamke ambaye yeye ametoka kumwita mlozi, mbele ya mashahidi aliowatafuta mwenyewe. Na kutajwa na Tania, tena kwa uzuri, kulimchoma kuliko matusi. Tania anajua kisichoko mikononi mwake na anakisema wazi. Yeye hakuweza kusema hata namba kumi na nne. Wivu ukamshika ulimi, na akasikia sauti yake mwenyewe ikijibu.

— Haiko. Amesafiri. Ameenda Sandoa.

Kazadi akashusha kikombe chini. Dady akaanza kuchunguza viatu vyake. Mama Mianda alimtazama Godefroid namna ambayo mama yake mzazi tu ndiye aliyewahi kumtazama.

— Oh, akasema Abigaël, na uso ukamwanguka. Na Mama Laurentine hakusema kama amesafiri. Jubilei ni dimanche, tata, nitabaambia nini kule? Atarudia wakati gani?

Kazadi, mtu wa methali kwa kila tatizo, alikiinua tena kikombe chake, akanywa ingawa kilikuwa kitupu. Lori la madini likapita, likatikisa benchi na vikombe vyote. Godefroid alikuwa bado amezishika funguo, meno ya funguo hizo yakimkata kiganja, na angetoa chochote ili mtu mwingine aseme neno moja kwa niaba yake.

Vumbi lilipotulia, msichana alikuwa bado amesimama palepale, anamtazama yeye, kwa kuwa ndiye aliyeonekana kumjua mwenye kibanda.

— Tata, akauliza tena, akidhani lori ndilo lililomeza swali lake. Atarudia wakati gani?