Shangazi wa Dirisha la Tatu na Abiria wa Chumba 614

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, dirisha la tatu la ofisi yetu ya tiketi za meli litafungwa na mtu aliyelifungua kila asubuhi kwa miaka thelathini na minne. Jina lake kamili limeandikwa kwenye cheti atakachokabidhiwa na meneja, lakini humu ndani hakuna anayelitumia. Kwetu sisi ni Shangazi. Hata meneja humwita hivyo, na akichanganya namba za vyumba hugombezwa kama mpwa yeyote.

Nimepewa kazi ya kuandika maneno haya kwa sababu dirisha langu ni la nne, na kwa miaka ishirini na mitatu nimesikia kila alichosema kwenye simu. Sikuwa nikichunguza mambo ya watu. Ukuta wenyewe ni ubao mwembamba, na Shangazi, jamani, ana sauti.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na sita na mtoto mchanga nyumbani, enzi za tiketi kuandikwa kwa mkono katika nakala tatu. Amefanya kazi na mameneja saba na mitambo mitatu ya kompyuta, na kila kipya kilichoingia alikipokea kwa maneno yale yale: ngoja tuone. Ni yeye aliyewauzia mtu na mkewe waliogombana vyumba viwili, kimoja mbele ya meli na kingine nyuma kabisa, kisha akawapangia meza moja ya chakula. Walirudi wameshikana mikono. Alipoulizwa, alisema meza nyingine zote zilikuwa zimejaa. Hazikuwa zimejaa hata kidogo, niliangalia mwenyewe.

Lakini kilichompa sifa ni kuunganisha safari. Kuna abiria ambao wiki moja baharini haiwatoshi. Meli inarudi gatini Jumamosi asubuhi, inashusha watu, inapakia wengine na kuondoka jioni, nao wanataka wabaki humo humo waende na safari ya pili. Tatizo ni kwamba mara nyingi safari ya kwanza ina nafasi na ya pili imejaa pomoni. Sisi wengine tungesema samahani sana. Shangazi angesema kaa hapo. Angetazama kama kampuni imeziuza safari hizo mbili kama safari moja ndefu, maana hiyo huwa na vyumba vyake pembeni. Angewapigia mawakala walioshikilia vyumba kwa ajili ya vikundi na hawajapata watu wa kuvijaza. Angeweka alama kwenye daftari siku ambayo wasiothibitisha hufutwa, na kesho yake angekuwa kwenye kiti chake kabla mfagizi hajamaliza kupiga deki.

Yote yakishindikana, angemwandika mtu wa kwanza katika orodha ya wanaosubiri, ampandishe safari ya kwanza, na kumpa ahadi kwa maneno haya: Jumamosi asubuhi hakosekani mtu aliyeugua au aliyeghairi. Nafasi ikipatikana nitakupigia chumbani. Usitoke chumbani mpaka nikupigie.

Niwaeleze wasiofanya kazi gatini. Meli haipakii abiria mpya hata mmoja mpaka wa zamani wote wahesabiwe wametoka. Hata anayeendelea na safari ya pili hushuka, kadi yake inasomwa mlangoni, anakaa ukumbini kidogo, ndipo anapandishwa tena. Juu ya mlango kuna kioo chenye namba ya waliobaki ndani. Huanza elfu mbili na ushee, ikashuka, ikashuka, mpaka ifike sifuri. Kazi hiyo tunaiita kusubiri sifuri, na wengi wetu tumekunywa chai nyingi tukiifanya.

Miaka ishirini na miwili iliyopita alikuja dirisha la tatu mwalimu wa jiografia aliyekuwa amestaafu wiki hiyo hiyo. Alikuwa amevaa kofia pana ya bluu. Miaka arobaini alifundisha watoto majina ya bahari zote na hakuwahi kulowesha hata kidole cha mguu katika mojawapo. Alitaka safari mbili kwa mfululizo. Ya pili ilikuwa imejaa. Shangazi alimpa chumba 614 kwa safari ya kwanza, akampa na ile ahadi.

Jumamosi ya kurudi, saa tatu na dakika tatu, nafasi ikapatikana kweli. Shangazi akapiga 614. Simu ikaita, haikupokelewa. Kanuni yetu ni kujaribu mara tatu ndani ya dakika kumi, na kanuni hiyo aliitunga yeye. Siku hiyo alijaribu mara moja tu. Mbele ya dirisha walisimama vijana wawili waliooana juzi yake, wanalia, nafasi yao ilikuwa imepotea kwa makosa ya wakala. Roho ikamuuma, akawapa wao. Alijiambia kwamba Mwalimu ameshatoka chumbani, yuko njiani, akifika atamwomba radhi.

Saa nne namba ikagoma kwenye moja. Wahudumu walimkuta Mwalimu amekaa ukingoni mwa kitanda, kofia kichwani, mkoba mapajani, uso ameuelekeza kwenye simu. Daktari alisema ni moyo, kwamba alifariki alfajiri na hakuna simu ambayo ingemsaidia. Shangazi aliletewa maelezo hayo kwa maandishi. Aliyasoma, akayakunja, akayaweka kwenye droo, na hajayaamini mpaka leo.

Mwalimu alishushwa kwa heshima zote. Namba ilibaki moja. Fundi wa kompyuta aliisahihisha kwa mkono na meli ikaondoka.

Wiki iliyofuata meli ile ile ikarudi, na namba ikagoma tena kwenye moja. Vyumba vyote vikakaguliwa, hata stoo za mashuka. Hapakuwa na mtu. Ndipo simu ya dirisha la tatu ikalia, na kwenye kidirisha chake ikaandika 614. Mimi nilikuwa dirishani kwangu. Shangazi aliinua simu akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha yeye, ambaye hana sauti ya chini, akasema kwa sauti ya chini kwamba bado, Mwalimu, imejaa. Kule mlangoni namba ikashuka ikawa sifuri.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi meli hiyo inapoingia, mambo huwa hivyo. Shangazi hajachukua likizo inayogusa Jumamosi. Siku ya harusi ya binti yake alipita kwanza ofisini, na vazi lake la sherehe na viatu vinavyombana, akapokea simu, ndipo akaenda kusherehekea. Na kila safari ya meli hiyo ikijaa, jina la kwanza katika orodha ya wanaosubiri huwa la Mwalimu. Fundi amelifuta mara nyingi. Limehama nasi kutoka mtambo hadi mtambo bila kuhamishwa na mtu. Siku hizi fundi akilikuta hulisalimia tu, shikamoo Mwalimu, anaendelea na kazi.

Msidhani naandika haya kwa kunogesha sherehe. Miaka minne iliyopita Shangazi alilazwa kwa upasuaji, na Jumamosi simu ile nikaipokea mimi. Hakuna aliyesema neno. Nilisikia kitanda kikilia kidogo, vile kinavyolia mtu akijisogeza kukaa vizuri, na pumzi ya mtu anayesikiliza. Nikasema, kwa adabu zote, bado imejaa. Namba haikucheza. Kwa muda wa saa nne nzima watu elfu mbili walisimama juani wakitutukana, mpaka binti yake Shangazi, ambaye ni muuguzi, alipounganisha simu hiyo na kitanda cha mama yake wodini. Mgonjwa alisema maneno yale matatu huku dawa ya usingizi haijamtoka vizuri, na meli ikapakia. Mimi si mtu aliyeahidi, ndiyo maana sikusikilizwa.

Sasa mnaelewa kwa nini ofisi nzima ilikosa raha barua ya kustaafu ilipotoka. Nani atapokea?

Kama zawadi ya kumuaga tulipanga kumpa safari mbili za mfululizo kwenye meli hiyo hiyo, na tulikiri wenyewe kwamba zawadi ilikuwa na ujanja ndani yake, maana tulitumaini akiwa humo atamalizana na Mwalimu. Ya kwanza ilikuwa na nafasi. Ya pili ilikuwa imejaa, kama kawaida. Tulitumia kila njia aliyotufundisha, na Jumanne asubuhi kikaachiliwa chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Kilikuwa 614. Meneja alicheza, kisha akasoma namba, akaacha kucheza.

Tulimpelekea Shangazi fomu. Kwenye safari ya kwanza aliandika jina lake na kuomba chumba hicho hicho. Kwenye ya pili aliandika jina la Mwalimu. Alisema amemwambia mtu bado kwa miaka ishirini na miwili, na sasa atakwenda kukaa naye wiki nzima na kumwambia uso kwa uso kwamba nafasi imepatikana. Tulipohifadhi jina hilo, orodha ya wanaosubiri ikawa tupu. Fundi alituita wote tuje tuone.

Jana binti yake alikuja. Alisimama dirisha la tatu, mama yake yuko kwa meneja, akatuuliza kwa nini tunamwacha alale chumba kile. Alilia. Alisema mama yake hajawahi kumwacha mtu akisubiri peke yake, na hiyo ndiyo inayomtisha. Hata mimi naogopa, nasema wazi. Tulichoweza kumpa ni ahadi, na humu ndani ahadi tunaijua uzito wake.

Shangazi, kesho ya kuagwa kwako utapokea ile simu kwa mara ya mwisho, kisha utapanda. Asante kwa kutufundisha kazi, kwa kutugombeza, na kwa maelfu ya watu waliorudi wamefurahi kwa sababu ulikataa kusema samahani. Jumamosi inayofuata, saa tatu na dakika tatu, simu ya 614 italia. Ni mimi. Sitajaribu mara tatu, nitapiga mpaka upokee. Muage Mwalimu, chukua mkoba wako, toka chumbani, shuka. Binti yako na sisi wote tutakuwa mlangoni tunatazama kioo. Mwalimu sasa ana nafasi yake na kadi yake, hana tena sababu ya kuzuia meli. Namba ikigoma kwenye moja safari hii, tutajua ni nani.

Tunakutakia maisha mema, marefu, na ya huku nchi kavu.