Inama Kidogo: Kumkumbuka Kitana na Wanaume wa Alhamisi

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni redio kidogo. Kumbukumbu ya leo si ya kila sikio lililo jirani, na wengine wenu mkiisikia mmekaa na wake zenu mtajitia kikohozi.

Tunamkumbuka Kitana. Msusi na mwanahiphopu. Kazi hizo mbili alizifanya kwa wakati mmoja, maana mashairi yake aliyatunga vidole vikiwa kichwani mwa mtu. Kitana alifariki mwezi uliopita kwa homa ya mapafu. Ameacha albamu moja tu, Inama Kidogo. Ameacha na shangazi mmoja, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Shangazi huyo yuko nasi hapa studioni. Ana chumba cha kusukia kilichofungwa kwa kufuli lisilo lake, na kuna neno ametakiwa alitamke hewani ndipo kufuli hilo litolewe. Tutalifikia.

Tuanze na chumba chenyewe. Viti vinne, kioo kimoja kirefu chenye ufa, draya moja yenye kelele kama mashine ya kusaga. Nyuma kuna stoo ya nywele za kusukia, zimepangwa hadi darini. Humo ndimo Kitana alimorekodia. Nywele zile zinameza mwangwi, alisema, kuliko studio ya kulipia.

Shangazi alimwona miaka yote akisuka huku midomo ikichezacheza. "Nilidhani anahesabu mafungu," anasema. "Nikajisemea, mtoto makini huyu. Kumbe ananasa."

Anachonasa ni nini? Wasikilizaji wapendwa, mnajua mtu akiinamishwa kichwa anavyosema. Humwoni uso, naye hakuoni. Ulimi unafunguka. Inama kidogo, unaambiwa. Unainama, unamwaga.

Albamu ilitoka mwaka jana. Nyimbo tisa, hakuna jina la mtu hata moja. Narudia: hakuna jina la mtu hata moja. Ilianzia kwa fundi simu wa pale kona, ikaingia kwenye simu za watu, ikaja redioni. Ilipokelewaje? Kwa kuangaliana. Watu walikuwa wakiisikiliza huku wanamtazama aliyekaa pembeni.

Wimbo wa pili unaitwa "Alhamisi". Mnaukumbuka:

*Alhamisi kaoga mara mbili, manukato hadi kisogoni,*
*Kaaga anakwenda msibani, marehemu kamlaki mlangoni.*

Wiki ile ile ulipoanza kupigwa redioni, mwenye bucha akaingia saluni. Mwanamume mzima, aproni ya damu bado iko tumboni, akamsogelea Kitana na kunong'ona. Tatizo ni kwamba draya ilikuwa inaunguruma, kwa hiyo mnong'ono wake ulibidi uwe wa nguvu.

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini, kaka?"

"Usijifanye hujui. Ya Alhamisi!"

Aliyekuwa chini ya draya akaizima. Alikuwa mdogo wa mke wake.

"Kumbe shemeji, na wewe una Alhamisi yako?"

"Nimekuja kuulizia kunyoa ndevu," mwenye bucha akasema.

"Hapa tunasuka," akajibu shangazi. "Labda tukusuke hizo ndevu."

Wakacheka saluni nzima. Lakini shangazi alicheka kwa mdomo tu. Macho yake yalikwenda kwa Kitana. Huyu mtoto alijua, au amebahatisha?

Siku chache baadaye akaja mwalimu mkuu msaidizi, mtu mpole, ambaye hakuna aliyewahi kumfikiria vibaya. Akasimama mlangoni akatoa hotuba ndefu ya maadili. Alipomaliza, akina mama waliokuwa kwenye viti walitazamana kwenye kioo, na kuanzia saa ile wakaanza kumfikiria. Wa tatu alikuwa mwenye nyumba, baba mwenye jengo lenye saluni. Yeye hakuja. Alituma ujumbe: wimbo ule ufutwe.

Wanaume watatu, wimbo mmoja. Na Alhamisi iliyofuata, wote watatu walishinda nyumbani. Mmoja alionekana akimwagilia maua ambayo hakuwahi kujua kama yapo.

Mnacheka. Shangazi hakuwa na raha hiyo. Wateja walianza kupungua. Waliobaki walikuja wamefunga midomo. "Suka tu, mwanangu, usiniulize habari za nyumbani." Dada mmoja alisukwa tangu asubuhi hadi mchana na neno alilotoa ni "aa-aa" na "mm". Chumba kilichokuwa na zogo kikawa kama chumba cha mtihani.

"Umenifukuzia watu," shangazi akamwambia.

"Sijamtaja mtu, shangazi."

"Hujawataja. Umewavua nguo."

Lakini si hilo lililokuwa likimla. Lililokuwa likimla ni wimbo wa saba, "Ufunguo". Ndani yake kuna msichana amekaa nje na begi lake, anasikia ufunguo ukizungushwa kwa ndani, na anayeuzungusha anaimba taratibu, kama mtu anayepika.

Sasa sikilizeni. Kitana alipoacha chuo cha ualimu ili aimbe rap, shangazi alimfungia mlango. Jioni moja tu. Baadaye akafungua, akakuta baraza tupu. Kitana alikwenda kulala kwa rafiki, asubuhi akarudi, akachukua kitana, akaanza kazi. Habari ile haikuzungumzwa tena. Na je, jioni ile shangazi alikuwa anaimba? Hakumbuki. Mpaka leo hakumbuki, na hilo ndilo linalomtesa.

Akauweka wimbo ule tena na tena, peke yake, stoo. Akawa anamchunguza mtoto akila, akicheka, akimwamkia. Shikamoo ile ina kitu ndani? Mwishowe akamuuliza, mikono ikiwa kwenye kichwa cha mteja.

"Huyo mwanamke wa ufunguo ni mimi?"

Kitana hakuinua uso. "Shangazi, kila aliyewahi kumfungia mtu mlango ameshaniuliza."

"Mimi sijauliza habari za wengine. Nimeuliza kama ni mimi."

"Inama kidogo, dada," Kitana akamwambia mteja.



Homa ilimwanza kama mafua. Hospitalini, shangazi alikaa kando ya kitanda akaona midomo ile inachezacheza.

"Unatunga tena, wewe?"

"Napumua, shangazi."

Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho. Shangazi anasema hata hayo hakuyaamini mara moja.

Alizikwa Alhamisi. Wanaume wetu watatu walikuja, na wake zao waliwasindikiza hadi mstari wa mbele. Kila aliyelia alitazamwa: huyu analia kwa uchungu, au kwa kufarijika? Baada ya maziko mwenye nyumba akasimama mbele ya watu. Akamtaka shangazi, kama mfiwa, aombe radhi kwa niaba ya marehemu. Awaombe radhi waliochafuliwa.

"Wimbo una jina la nani?" shangazi akauliza.

"Hauna jina. Lakini watu wanajua."

"Wamejuaje, baba?"

Mke wake naye akageuka kumtazama, kama anayengoja jibu hilo hilo. Halikuja. Kesho yake lilikuja kufuli. Mwenye nyumba amesema litatoka siku shangazi atakapoomba radhi redioni, kila mtu asikie. Wasusi wawili waliobaki sasa wanasukia barazani kwa watu. Shangazi ana miaka mingi mno kuanza upya, na hana chumba kingine.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole wafiwa wote wa Kitana: shangazi yake, wasusi wenzake, na fundi simu wa pale kona, anayesema dukani kwake hakuna anayeulizia wimbo mwingine. Mungu awape subira. Nasi tuliobaki tujiulize. Wimbo usiotaja jina ukikuuma, nani amekutaja?

Jana mwenye nyumba alitupigia simu hapa kituoni kuhakikisha kwamba tutampa shangazi nafasi. Tumempa. Tulimuuliza kwanza kama bado anaamini "Ufunguo" ulimlenga yeye. Akasema ndiyo, anaamini. Tukamsogezea kipaza sauti. Huyu hapa.

"Mimi ni shangazi yake Kitana. Nimesikiliza nyimbo zote tisa. Nyingine zimekusemeni nyinyi, na mmoja nadhani umenisema mimi, na umeniuma kuliko zenu zinavyowauma. Mwanangu hakusema uongo. Nimeambiwa niombe radhi hapa ndipo nipewe chumba changu. Siombi."