Ketsia Mlondani na Protini Iliyokataa Kuonekana

Wasikilizaji wapendwa, popote sauti hii inapowafikia, kutoka Mboko hadi Kazimia, tukae kidogo na jina moja. Ketsia Mlondani. Amefariki Jumatano hapa Baraka, akiwa na miaka thelathini na tisa. Ni malaria. Kwenye kituo cha afya sindano za dawa zilikuwa zimeisha.

Ketsia alikuwa na miaka tisa kipindupindu kilipomchukua mdogo wake, Eddy, kwa siku moja tu. Mama yao, Mama Constance, anakumbuka: "Hakulia. Aliniuliza tu, 'Mama, ile kitu yenye iliua Eddy, iko na sura gani?'"

Swali hilo lilimfikisha kwenye maabara moja Ulaya. Huko kuna hadubini ndefu kuliko mlango wa nyumba, inayotumia elektroni badala ya mwanga. Protini hugandishwa ghafla ndani ya maji, kisha hupigwa picha maelfu kwa maelfu. Protini kubwa huonekana. Ndogo hupotea kama punje ya unga kwenye ukungu. Ketsia alichagua ndogo, ya mdudu wa kipindupindu. Wenzake walimcheka.

Miaka minne, wasikilizaji. Minne! Mwishowe akabuni njia: akaibana ile ndogo kwenye protini kubwa, ikakazwa isicheze. Umbo likaanza kutokea. Akampigia mama yake simu huku akipiga kelele: "Mama, inaonekana! Iko imekunjwa sawa kitenge!"

Mwezi uliofuata baba yake akafariki. Ketsia akaja kuzika. Viza ikaisha akiwa hapa. Akaomba nyingine, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa. Mara tatu.

Maabara haikumngoja. Kazi ile ya protini ikachapishwa, na jina lake halikuwa kati ya wenye kazi. Lilikuwa chini kabisa, kwenye shukrani, pamoja na fundi wa umeme. Kaka yake Placide alikuwa kando yake Ketsia alipompigia simu mkubwa wa maabara.

"Hukuwapo tulipomaliza," mkubwa yule akasema.

"Na njia ya kuibana ile protini, ilikuwa ya nani?" Ketsia akauliza.

Simu ikakatika.

"Haikuwa réseau, ni yeye alikata," Placide anasema.

Ketsia akabaki kufundisha kemia, watoto sitini darasani, bila hadubini hata moja. Mbele ya wanafunzi hakulalamika. Nyumbani, redio ikitaja sayansi, aliizima. Hata hii yetu.

Pole, Mama Constance. Pole, Placide, na ukoo mzima. Nasi tujiulize: ni wangapi waliotoka kwetu wakafanya kazi mbali, wakarudi kuzika, na mlango ukafungwa nyuma yao? Na tuliwauliza lini walikuwa wanafanya nini huko?

Matangani tulimpa mkono Mama Constance. Akatukatiza.

"Pole nimechoka kusikia. Mi nataka museme kazi ilikuwa ya mutoto wangu."

Tunasema, mama. Kazi ilikuwa ya Ketsia Mlondani.