Hulda Kavugho Hakuacha Dawa kwa Ukaidi

Hulda Kavugho alizaliwa Vuhovi tarehe 14 Machi 1986, mtoto wa mzee Muyisa na mama Agar. Mimi ninayesoma ni kaka yake, Abdias. Mnivumilie nikisoma haraka. Nikitulia sitafika mwisho.

Baba alilima miti ya quinquina, ambayo gome lake hutoa kwinini, na hadi leo mimi nauza gome hilo. Hulda alisoma shule ya msingi Vuhovi, kisha ushonaji Butembo, akapata diploma ya serikali mwaka 2005.

Alifungua chumba cha kushonea mjini Beni, akashona sare za shule na kanzu za kwaya. Shemasi mmoja mwenye kitambi aliona haya kupimwa tumbo. Hulda alikadiria kwa jicho tu, akamshonea koti lenye nafasi. Shemasi aliposhangaa, alimwambia, "Papa, kitambaa njo ilibakia." Yaani kilichozidi ni kitambaa, si tumbo. Ndivyo alivyokuwa, hakupenda mtu aaibike.

Tarehe 8 Agosti 2009 alifunga ndoa na mwalimu Phinées. Walijaliwa binti mmoja, Josée.

Mwaka 2018 viungo vilianza kumuuma, mashavu yakawa mekundu. Daktari wa Butembo alisema ni lupus: kinga ya mwili inaupiga mwili wenyewe. Alipewa cortisone, pamoja na vidonge vya jamii ya dawa za malaria, na akaagizwa apimwe macho kila mwaka. Lakini barabara ya Beni mnaijua kwa mashambulizi. Miaka miwili hakupimwa. Mwishoni mwa 2024 aliona ukungu, uzi ukawa hauingii kwenye sindano.

Hapo mimi, muuza magome, nikajifanya daktari.

"Mudogo yangu, ile ni dawa ya malaria. Siye batu ya quinquina tunajua, kwinini inakulaka macho. Achana nayo."

Hulda akanijibu, akiniita yaya, yaani kaka mkubwa: "Docta alisema hapana kuacha, yaya. Lakini bila macho, nitashona na nini?"

Aliacha Januari. Aprili miguu ilivimba, figo zikawa zimeshambuliwa na lupus. Nilimpeleka Butembo, na huko daktari wa macho naye akamchunguza.

"Mama, nyuma ya jicho iko muzuri. Ile comprimé, kidonge yako ya lupus, haikuharibu kitu. Cortisone njo ilileta cataracte, mutoto wa jicho, na ile tunaopera tu. Nani alikuambia uache?"

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Hulda hakugeuka.

"Nilichoka kumeza, docta."

Maneno hayo yalifika Beni kabla yetu. Phinées aliyaamini, na baadhi yenu mmeyarudia hata kwenye matanga haya. Nami nilinyamaza. Hulda alifariki Butembo tarehe 19 Juni 2025, akiwa na miaka thelathini na tisa.

Ameacha mama yetu Agar, mume wake Phinées, mimi kaka yake, na Josée. Josée, tangu juzi unakataa kulia, unasema mama alichoka na wewe. Hakuchoka. Alikuwa ananifichia aibu. Nikasirikie mimi, mwanangu, yeye umlilie.

Mungu ampe Hulda pumziko ambalo mimi sina.