Gari la Wagonjwa Tumboni mwa Nyangumi

DEREVA: Haloo? Haloo, Kaka?

KAKA: Nani mwenzangu? Namba siijui hii.

DEREVA: Mdogo wako. Simu ya kuazima. Zetu wamezikusanya tangu asubuhi. Shikamoo.

KAKA: Marahaba, dereva wa wagonjwa. Umeshatapika?

DEREVA: (anacheka) Bado tuko gatini, bwana. Mazoezi yanaanza kesho. Jumapili niko nyumbani.

KAKA: Wamekupakia meli ipi, Nyangumi yupi?

DEREVA: Wa tatu, huyu mpya. Lakini ukimwona mmoja umewaona wote. Anafungua mdomo ufukweni, anatema magari na askari, basi. Rangi tu ndiyo— (mkwaruzo) —nukia.

KAKA: Nakusikia nusunusu. Sogea.

DEREVA: Nasema rangi bado inanukia.

KAKA: Wangu alinuka dizeli mpaka kwenye chai. Haya, umejipatia hewa safi hapo mdomoni?

DEREVA: Mdomoni wapi?

KAKA: Si gari la wagonjwa? Mazoezini linaingia la mwisho, lishuke la kwanza. Mtu akiteguka mguu ufukweni, liwe tayari linamsubiri.

DEREVA: Ndicho nilichokupigia, Kaka. Safari hii nimeingia wa kwanza. Nimesukumwa mpaka ukutani, nyuma kabisa. Kaka?

KAKA: Nipo. Mdomoni wameweka nini?

DEREVA: Vifaru. Nimemuuliza sajini, akasema nisimchoshe, ni mazoezi. Hakunitazama. Wewe mpakiaji wa zamani, ulishawahi kupanga hivyo?

KAKA: Mara moja.

DEREVA: Ile safari ya—

KAKA: Hiyohiyo.

(mkwaruzo)

DEREVA: Iliyokuacha na magongo.

KAKA: Nisikilize. Ukutani hapo, upande wako wa kushoto, kuna ngazi ya chuma.

DEREVA: Naijua, ile nyem—

KAKA: Usiniambie unaijua. Ipande leo, halafu uipande tena umefumba macho. Taa zikizimika, watu wote watakimbilia mdomoni. Wewe usiende nao.

DEREVA: Naogopa, Kaka.

KAKA: Najua. Mimi pia naogopa. Piga moyo konde, mdogo wangu. Mlango wa gari usiufunge, mkanda usi— unanisikia?

DEREVA: Nasikia. Mama yuko karibu?

KAKA: Anachambua mchele hapa mlangoni. Ameshaacha kuchambua.

DEREVA: Usimwambie niko ukutani. Tangu ulipoletwa kwa machela, kila nikisafiri swali lake ni moja.

KAKA: Zungumza naye mwenyewe. Ngoja nim—

DEREVA: Hapana! Atanijua kwa sauti kuwa naogopa. Mwambie Jumapili aniwekee... aniwekee chochote tu. Kaka, mwenye simu anaitaka. Wanatuita chini.

KAKA: Ngazi. Kushoto.

DEREVA: Kushoto. Kaka, kama siku—

(mkwaruzo)

KAKA: Haloo? Sema, kama nini? Haloo?

(mlio wa simu iliyokatika)

KAKA: Imekatika, Mama. Ndiyo, ni yeye. Mazoezi tu. Jumapili yuko hapa, anataka umwekee chakula.

(Mama anauliza)

KAKA: Gari lake? Liko mdomoni, Mama. Limeingia la mwisho, kama siku zote.