Biskuti ya Clement

Fundi Clement Harbottle anastaafu Ijumaa hii, tarehe 12 Septemba, baada ya miaka thelathini na minane ya kuchonga mawe ya Kanisa Kuu la Aldermere. Na mimi, niliyepewa kuandika wasifu wake, nilimkosea. Naanza na hilo, maana nikiliacha hadi mwisho nitalikimbia tena.

Kazi yake mnaiona mkiinua macho. Mnara wetu ulipandishwa juu ya kuta ambazo hazikujengewa mzigo huo, ukausukuma ukuta wa kusini nje. Nguzo zinazouegemeza ukuta huo, Clement ndiye aliyezifanya upya. Kichwa cha mawe kinachotema maji ya mvua pale kaskazini alikipa sura ya mpiga kinanda wetu, Bwana Pomfret, naye akafurahi: "Pua umenipunguzia, asante sana."

Sasa lile jiwe linalobanduka kwenye nguzo ya tatu. Wakati wa chai hamkosi kumtania: "Clement, biskuti yako imemegeka tena!" Naye hujibu, "Basi leteni chai."

Si biskuti yake. Ni yangu.

Jiwe la chokaa lina tabaka, na lazima lilale ukutani kama lilivyolala machimboni. Ukilisimamisha, mvua na barafu vinalichambua. Clement alilichonga vizuri, akaweka alama yake na mshale wa kuonyesha juu ni wapi, akaenda kumzika mama yake. Mimi nikabaki kulipachika. Nilikuwa nawahi mpira. Upande ule halikuingia, nikaligeuza, likaingia, nikapaka chokaa, nikashuka mbio.

Lilipoanza kubanduka, wakubwa walikumbuka nani alilichonga. Hawakuuliza nani alilipachika. Ukuu wa mafundi, uliokuwa uende kwake, ukaja kwangu. Clement alinipa mkono, akaniambia, "Hongera Neville, usituue kwa kazi." Tangu siku hiyo sipiti upande wa kusini bila kuharakisha.

Asante, Clement, kwa kila jiwe. Pumzika, upande maharage yako, magoti yapone.

Ila Jumatatu tarehe 29, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, saa nne asubuhi, rudi kidogo. Nitapanda jukwaa la ujenzi nilitoe lile jiwe kwa mkono wangu, mafundi wote wakiangalia, wauone mshale wako ulivyoelekea pembeni. Kisha nitashuka nikamwambie Mkuu wa Kanisa jiwe hilo nililiweka mimi. Njoo na kikombe chako.